Kivuli cha Njia ya Misafara: Upangaji wa Mji na Hifadhi ya Maeneo ya Kijani Tabora, 1857 hadi Sasa

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya maeneo ya kijani katika mji wa Tabora na kandokando ya njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Imejikita katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, tafiti za wanahistoria, na sheria za ardhi, misitu, mambo ya kale na mipango miji zilizotungwa kuanzia mwaka 1895. Hoja yake kuu ni kwamba miembe ya njia hiyo haikudumu kwa nguvu ya sheria, bali kwa sababu katika vipindi vingi alikuwapo mtu aliyekihitaji kivuli chake na aliyewajibika nacho. Upangaji wa miji uliorithiwa kutoka ukoloni umezoea kuliona eneo la kijani kama kiwanja chenye mipaka minne. Mstari wa miti unaopita katikati ya viwanja vya watu wengi haukupata nafasi katika mtazamo huo. Insha inahitimisha kwamba njia ya misafara inapaswa kutambuliwa katika mipango ya matumizi ya ardhi kama ushoroba mmoja wa kijani na wa kihistoria, na kwamba utambuzi huo hautakuwa na maana usipoambatana na mlinzi anayetajwa kwa cheo chake.

1.0 Utangulizi

Historia ya Tabora imeandikwa mara nyingi kupitia watu na vita: Mirambo na Unyanyembe, mtemi Isike na Wajerumani, wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, na wapelelezi wa Kizungu. Imeandikwa mara chache zaidi kupitia vitu vilivyowapa watu hao mahali pa kukaa. Miongoni mwa vitu hivyo, miti ina nafasi ya pekee. Msafara uliofika Unyanyembe kutoka pwani ulikuwa umetembea miezi mingi. Richard Burton, aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, alihesabu siku 134 tangu alipoondoka pwani. Kwa msafara wa namna hiyo, mahali penye maji, chakula na kivuli palikuwa hitaji la lazima, nao mji ulikua kwa kadiri ulivyoweza kulitimiza.

Kwa maana hiyo, Tabora ilikuwa mji wa mapumziko kabla ya kuwa mji wa utawala. Jambo hili linaiweka karibu na aina ya miji ambayo wanazuoni wa mipango miji wameijadili sana huko Ulaya, yaani miji ya chemchemi za tiba, ambako bustani na misitu huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya mji wenyewe. Tofauti ni kwamba miji hiyo ilirithi sheria zilizoutambua ukijani wake, ilhali Tabora ilirithi sheria zilizotungwa kwa malengo mengine. Swali linaloongoza insha hii ni hili: kwa nini baadhi ya maeneo ya kijani ya Tabora yalidumu, na mengine yanawezaje kupotea ilhali sheria zinazohusu ardhi, misitu na urithi zimekuwa zikiongezeka?

Mjadala umegawanywa kwa kufuata vipindi. Unaanza na Kazeh ya misafara, unapita Uvinza ambako chemchemi zilikuwa na historia iliyo kinyume, kisha unafuata utawala wa Wajerumani, wa Waingereza na wa taifa huru, kabla ya kuzipima sheria zilizopo leo.

2.0 Kazeh kabla ya ramani

Makazi ambayo wasafiri wa katikati ya karne ya 19 waliyaita Kazeh hayakuwa mji wenye mitaa. Yalikuwa mkusanyiko wa tembe zilizotawanyika katika nchi ya Unyanyembe, kila tembe ikiwa na ua, ghala, makazi ya watumwa na wategemezi, na bustani yake. Burton aliziona nyumba za Waarabu kuwa kubwa, imara na zenye kuweza kulindwa dhidi ya adui, na bustani zao kuwa pana na zilizopandwa vizuri. Nafasi iliyokuwa kati ya tembe moja na nyingine ilikuwa ya mashamba, malisho na njia za miguu.

Mpangilio huu ulikuwa na mantiki yake. Tabora iko katika nyanda za juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hupata msimu mmoja wa mvua unaoanza karibu na mwezi Novemba na kumalizika Aprili. Miezi ya kiangazi ni mirefu, na miti mingi ya miombo hupukutisha majani yake wakati jua ni kali. Mwembe haufanyi hivyo. Majani yake hubaki mwaka mzima, mizizi yake huenda chini sana, na matunda yake huiva karibu na mwanzo wa mvua, wakati ghala za nafaka zinapoanza kupungua na mavuno mapya bado yako mbali. Kwa mwenye tembe, kwa mpagazi na kwa mtumwa, mti huo ulikuwa kivuli cha Septemba na chakula cha Desemba.

Masimulizi yanayozunguka Tabora na Ujiji yanaeleza asili ya miembe hiyo kwa njia mbili. Moja husema kwamba wafanyabiashara waliipanda kwa makusudi ili misafara ipate pa kupumzikia. Nyingine husema kwamba ilichipua kutokana na kokwa zilizotupwa na watu waliopita, wakiwamo waliopita wakiwa wamefungwa minyororo. Masimulizi haya mawili hayalazimiki kupingana. Mwembe ulikuja Afrika Mashariki kutoka Asia kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, na kuingia kwake bara hakuwezi kutenganishwa na biashara ya pembe na watumwa. Kokwa inaweza kuota yenyewe, lakini mche unaoota kando ya njia yenye mbuzi, moto wa kiangazi na miguu ya maelfu ya watu haukui bila mtu kuamua kuuacha ukue. Kupanda na kuacha ni matendo mawili tofauti. Yote mawili yanahitaji mtu anayejali.

Ni muhimu pia kutoifanya njia hii kuwa kumbukumbu ya kundi moja tu. Stephen Rockel (2006) ameonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, utamaduni na masharti yao ya kazi, na kwamba wao ndio waliozijenga njia za bara kabla na wakati wa ujio wa wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo kivuli cha njia kilikuwa kituo cha kazi cha mpagazi huru sawasawa na kilivyokuwa kituo cha mateso cha mtumwa. Hifadhi yoyote inayosahau upande mmoja hupunguza thamani ya kile inachotaka kukihifadhi.

Nje ya tembe za wageni, ardhi ya Unyanyembe ilikuwa chini ya mtemi. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871 na kurudi mwaka 1872 akiwa pamoja na David Livingstone, alikuta mgawanyo ulio wazi kati ya Kwihara, palipokuwa na tembe alimokaa, na Kwikuru, makao ya mtemi Mkasiwa. Mgawanyo huu una maana kwa mada ya insha hii. Bustani za tembe zilikuwa na wenyewe waliojulikana, na ardhi iliyobaki ilikuwa na mamlaka iliyojulikana. Hapakuwa na ramani, lakini hapakuwa na ardhi isiyo na mwangalizi.

3.0 Uvinza: chemchemi na kuni

Njia ilipoendelea magharibi kutoka Tabora kuelekea Ujiji, ilipita Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi. Hapo kuna chemchemi za maji ya chumvi. Utafiti wa John Sutton na Andrew Roberts (1968) ulionyesha kwamba chumvi imekuwa ikitengenezwa Uvinza tangu katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Wakati wa kiangazi watu walikuja kutoka nchi nyingi za jirani, wakachota maji ya chemchemi, wakayachemsha katika vyungu, na kurudi na chumvi iliyouzwa mbali sana.

Uvinza ni mfano wa karibu zaidi wa mji wa chemchemi katika njia hii, na historia yake inatoa onyo. Katika miji ya tiba, watu huyafuata maji ili wayaoge na kuyanywa, kwa hiyo msitu unaoyazunguka huwa na thamani ukiwa umesimama. Uvinza, watu waliyafuata maji ili wayachemshe, kwa hiyo mti ulikuwa na thamani zaidi ukiwa kuni. Chemchemi zenyewe zilikuwa chini ya usimamizi wa watawala wa Kivinza, waliotoza ushuru kwa watengenezaji na kwa misafara iliyovuka mto. Katika enzi ya Wajerumani uzalishaji ulichukuliwa na kampuni, na kazi iliyokuwa ya msimu ikageuka kuwa ya kiwanda.

Kutokana na mfano huu, kuwapo kwa chemchemi au kwa maji hakutoshi kuulinda ukijani. Kinachoamua ni matumizi ambayo jamii inayaweka mbele. Tabora ilitumia miti yake ikiwa imesimama, Uvinza ikaitumia ikiwa imelala. Tofauti hiyo haikutokana na tabia ya watu wa mahali pamoja au pengine, bali na kazi ya kila kituo katika uchumi wa njia.

4.0 Boma, reli na ardhi ya Dola

Wajerumani waliishinda ngome ya mtemi Isike mwezi Januari 1893. Kifo cha Isike kilifungua kipindi ambacho mamlaka juu ya ardhi ya Unyanyembe ilihama kutoka kwa mtemi hadi kwa boma. Miaka miwili baadaye, Amri ya Ardhi ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Kwa sheria hiyo, nafasi iliyokuwa kati ya tembe na tembe ilipata jina jipya: ilikuwa ardhi tupu inayosubiri matumizi.

Matumizi hayo yalikuja kwa sura mbili zilizopingana. Kwa upande mmoja, utawala wa Wajerumani ulithamini barabara zenye miti. Njia zilizolielekea boma zilinyooshwa na kupandwa miembe, kazi iliyofanywa na watu waliolazimishwa. Ndiyo maana si kila mwembe mkubwa wa Tabora ni wa enzi ya misafara. Mingine ni ya enzi ya boma, na historia ya mji imo katika tofauti ya mistari hiyo miwili. Ile ya misafara hufuata mwendo wa miguu na mahali pa maji, ile ya boma hufuata kamba ya mpimaji.

Kwa upande mwingine, reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli iliiondolea njia ya miguu sababu yake ya kuwapo. Mzigo uliobebwa na mamia ya wapagazi kwa miezi ulibebwa na behewa kwa siku chache. Mji ulivutwa kuelekea kituo cha treni, na Kwihara, iliyokuwa moyo wa njia, ikabaki pembeni. Kwa mara ya kwanza miembe ya njia ya misafara ilisimama mahali ambapo hapakuwa tena na msafara wa kuihitaji.

Upungufu huo wa matumizi ungeweza kuwa mwisho wake. Haukuwa, kwa sababu wakazi wa vitongoji waliirithi miti kama chanzo cha matunda na kama mahali pa mikutano, masoko madogo na mazishi. Ulinzi uliendelea bila sheria.

5.0 Waingereza na eneo la wazi kama mpaka

Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na baada ya vita mji ukawa sehemu ya Tanganyika chini ya Waingereza. Utawala huu ulileta lugha rasmi ya upangaji wa miji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya udhibiti wa Gavana kama ardhi ya umma, na kanuni za miji za miaka ya 1920 ziligawa makazi kwa viwango vya ujenzi vilivyolingana, kwa vitendo, na mgawanyo wa rangi: uzunguni, uhindini na uswahilini.

Katika mfumo huo, eneo la wazi lilikuwa na kazi maalumu. Mfano unaojulikana zaidi ni Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, uwanda ulioachwa bila majengo ili kutenganisha makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya, lakini mpaka ulikuwa wa kijamii. Uwanda huo baadaye uligeuzwa na wananchi wenyewe kuwa mahali pa mikutano na mapumziko ya umma. Historia yake inaonyesha kwamba asili mbaya ya eneo la kijani haiondoi thamani yake ya baadaye, mradi eneo hilo limebaki.

Hata hivyo, mtazamo uliozaa maeneo ya namna hiyo uliacha urithi wa kifikra. Eneo la kijani lilieleweka kama kipande cha ardhi kilichozungushiwa mpaka na kuachwa bila kitu. Miti ya uzunguni ilitunzwa kwa sababu ilikuwa sehemu ya hadhi ya mtaa. Miti ya vitongoji vya Waafrika haikuwa kwenye hesabu hiyo. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1956, iliyofuata mfano wa sheria za Uingereza, iliupa upangaji zana bora zaidi, lakini ilikuja miaka 5 tu kabla ya uhuru, na kipaumbele chake kilikuwa katika maeneo yaliyokwisha kupimwa.

Nje kidogo ya mji, kipindi hicho kiliacha jambo jingine. Misitu iliyohifadhiwa na mabwawa yanayohusiana nayo, hususan Kazima na Igombe, iliunganisha kwa mara ya kwanza ukijani wa Tabora na maji ya bomba. Msitu wa bonde la bwawa ulikuwa na kazi inayopimika, na kila aliyefungua bomba mjini alikuwa na sababu ya kutaka ubaki. Pale ambapo kazi ya miti ilijulikana na mamlaka ilitajwa, hifadhi ilipata msingi.

6.0 Uhuru na pengo la usimamizi

Mabadiliko ya taasisi baada ya uhuru yalikuwa na malengo makubwa ya usawa na umoja wa taifa. Mawili kati yake yaligusa mada hii bila kukusudia.

La kwanza ni kufutwa kwa utawala wa machifu mwaka 1963. Unyanyembe, ambayo mtemi wake Abdallah Fundikira alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru, ilipoteza cheo kilichokuwa kimeangalia ardhi isiyokuwa ya mtu mmoja. Mamlaka hayo yalihamia kwa vyombo vya kuchaguliwa, jambo lililostahili. Lakini katika kuhama, wajibu wa vitu vidogo visivyoandikwa, kama vile nani hukataza kukata mti wa njiani, haukukabidhiwa kwa mtu yeyote kwa jina.

La pili ni kufutwa kwa serikali za mitaa mwaka 1972. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, na sheria mpya ya mamlaka za miji ikatungwa mwaka 1982. Kwa miaka 6 ya kati miji haikuwa na chombo chake chenye wajibu wa moja kwa moja wa mitaro, barabara na bustani. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa ikibadilisha makazi ya vijijini kwa kasi, na kilimo cha tumbaku, ambacho Tabora imeendelea kuwa kitovu chake, kiliongeza mahitaji ya kuni za kukaushia majani. Shinikizo juu ya miombo lilipanda wakati usimamizi wa mji ulikuwa umeshuka.

Miti haikufa kwa pengo hilo peke yake. Mwembe huishi zaidi ya miaka 100, na uhai huo mrefu huficha uzembe. Kizazi kinachoacha kupanda hakioni hasara yake. Huonwa na wajukuu, pale miti iliyopandwa na watu wa kale inapozeeka pamoja, yote kwa mkupuo.

7.0 Sheria nyingi, mti mmoja

Leo Tanzania ina sheria nyingi zinazoweza kuihusu miembe ya Tabora. Kuzisoma kwa pamoja kunaonyesha mahali ulinzi unapovuja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, imejengwa juu ya kazi za mikono ya binadamu: majengo, ngome, makaburi, vifaa. Tembe ya Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, inaingia humo bila shida. Mwembe uliompa kivuli mpagazi wa wakati huohuo hauingii kwa urahisi, ingawa nao ulipandwa au kuachwa na mkono wa binadamu. Sheria humpa waziri mamlaka ya kutangaza mahali penye umuhimu wa kihistoria, lakini tangazo linahitaji kwanza mtu wa kuuona mti kama historia.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasimamia misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi, na inagusa pia aina za miti zilizotangazwa kuhifadhiwa. Safu ya miembe si msitu, na mwembe ni mti wa matunda wenye asili ya Asia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Katazo hilo linayafaa mabwawa ya Kazima na Igombe, lakini njia ya miguu haina kingo za maji.

Inabaki Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hii ndiyo yenye uwezo mpana kuliko zote, kwa kuwa inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kuandaa mipango ya jumla na ya kina, kutenga maeneo ya wazi, na kuwashirikisha wenye ardhi na wadau kabla mpango haujapitishwa. Udhaifu wake hauko katika maneno yake bali katika kipimo cha kazi ya kila siku. Upimaji hutoa viwanja. Safu ya miti inayopita katika viwanja kumi hupata wamiliki kumi, na kila mmoja huona mti mmoja unaokula nafasi ya ukuta, ya choo au ya chumba cha duka. Hakuna hata mmoja anayeiharibu njia. Wote kwa pamoja wanaimaliza.

Tatizo hilohilo linaonekana katika ngazi ya kimataifa. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, njia yenye urefu wa takriban kilomita 1,200 imewasilishwa kwa nukta sita. Kati ya nukta na nukta ndiko watu walikotembea, na ndiko kivuli kilikohitajika zaidi.

Ujiji inatoa mfano wa kinachobaki pale mti wenyewe unapoondoka. Mwembe unaohusishwa na kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871 haupo tena. Kumbukumbu ya mawe imesimama mahali pake, na miembe iliyopo karibu inasimuliwa kuwa imetokana na vikonyo vya ule wa awali. Jiwe limehifadhi tukio la Wazungu wawili. Tendo la kuendeleza kizazi cha mti limehifadhi kitu kipana zaidi, yaani desturi ya kupanda.

8.0 Funzo la miji ya chemchemi

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha miji 11 ya chemchemi za tiba katika nchi 7 za Ulaya kuwa urithi mmoja wa dunia, miongoni mwake Bath, Baden-Baden, Vichy, Spa na Karlovy Vary. Jambo linaloihusu Tabora si utajiri wa miji hiyo bali namna ilivyoelezwa. Chemchemi, nyumba za kuogea, bustani, njia za matembezi na vilima vyenye misitu vilihesabiwa kuwa mfumo mmoja. Mgonjwa aliagizwa kunywa maji na kutembea chini ya miti. Kwa hiyo njia ya matembezi ilikuwa sehemu ya tiba, na mpaka wa ulinzi ulichorwa ukiizingatia.

Tabora ina mantiki inayofanana, ingawa imetokana na historia ngumu zaidi. Maji, tembe, kivuli na njia vilikuwa mfumo mmoja wa mapumziko. Hata majina ya mahali pake, kama Chemchem na Kwihara, yanaweka maji na kituo cha msafara ndani ya lugha ya leo. Kinachokosekana ni mpango unaovisoma pamoja.

Mpango huo una haraka kwa sababu mji unabadilika. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Manispaa ya Tabora kuwa na watu 226,999. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 300,000. Maji ya Ziwa Viktoria yameletwa hadi Tabora, na hivyo mji umepunguza utegemezi wake kwa mabwawa ya karibu. Hilo ni jema kwa wakazi, lakini linaweza kudhoofisha sababu iliyoilinda misitu ya mabonde hayo, kama vile reli ya 1912 ilivyoiondolea njia ya miguu sababu yake. Aidha, reli ya kisasa inayojengwa kupitia Tabora kuelekea Isaka na Kigoma itaongeza thamani ya ardhi. Katika historia ya mji huu, kila chombo kipya cha usafiri kimehamisha kitovu cha mji na kuacha miti nyuma bila mwenyewe.

9.0 Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha mambo matatu. Kwanza, maeneo ya kijani ya Tabora yalitokana na kazi ya mji kama kituo cha mapumziko, na yalidumu pale kazi hiyo, au nyingine iliyoirithi, ilipoendelea kutambuliwa. Pili, upangaji wa kikoloni ulileta dhana ya eneo la wazi lenye mipaka, ambayo ilifaa kwa viwanja lakini haikufaa kwa njia. Tatu, sheria za sasa zinatosha kwa wingi wake, ila kila moja inaitazama miembe kwa jicho ambalo haliioni yote: moja hutafuta jengo, nyingine msitu, nyingine maji, nyingine kiwanja.

Kutokana na hayo, njia ya misafara kutoka mjini Tabora hadi Kwihara inafaa kuingizwa katika mipango ya kina kama ushoroba wenye upana uliotajwa, kabla ya viwanja vinavyoizunguka kupimwa na si baadaye. Miti iliyopo ihesabiwe na kutofautishwa kati ya ile ya misafara na ile ya boma, kwa kuwa inasimulia historia mbili. Miche ipandwe kutokana na mbegu na vikonyo vya miti hiyohiyo, ili pengo la umri lisimalizike kwa kuanguka kwa pamoja. Na wajibu wa kila kipande cha ushoroba upewe mtaa unaotajwa kwa jina, pamoja na haki ya matunda yake, kwa sababu uzoefu wa Kazeh unaonyesha kwamba anayekula matunda ndiye anayekataza shoka.

Wahenga walisema kwamba mwenda kwao si mtumwa. Wengi waliopita chini ya miembe ya Tabora hawakuwa wakienda kwao. Kivuli walichokipata ni moja ya vitu vichache vilivyobaki mahali walipopita, na hakina maandishi wala ukuta wa kukitetea isipokuwa mstari utakaochorwa kwenye ramani ya mpango ujao wa mji.